Gari Lilipopona

Ndugu msomaji, wazee wetu walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Leo nataka kukuhadithia habari iliyokwenda kinyume cha methali hiyo: kidonda kilichopendwa miaka minane, na kilipopona kikasahauliwa.

Mimi ni mtoto wa kike wa hapa hapa Ifakara. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2016, na tangu hapo mchana nauza mchele sokoni, usiku naandika riwaya kwenye madaftari. Kidonda ninachokisema ni Land Rover ya Baba Mkubwa, ya mwaka 1966, ile ndefu ya inchi 109, yenye taa zilizokaa katikati karibu karibu kama macho ya bundi. Aliinunua mwaka 2011 kwenye mnada wa magari chakavu. Nasema aliinunua, lakini kwa kweli alinunua bodi, magurudumu matatu na injini iliyokufa. Mti wa mpapai ulikuwa umeota mahali pa kiti cha abiria. Mama Mkubwa alipoliona likishushwa kwenye trekta aliuliza jambo moja tu: "Mzee, hili ni gari au ni banda la kuku?"

Kabla sijaendelea, hebu tuangalie gari hili lilitoka wapi, maana wengi tunalifahamu kwa sura tu. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na upungufu wa chuma cha pua. Fundi mkuu wa kampuni ya Rover, Maurice Wilks, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey huko Wales, na shambani akitumia jipu kuukuu la Wamarekani lililobaki vitani. Mwaka 1947 akaanza kufikiria gari la mkulima, la kulima na kubeba mzigo, ambalo kampuni yake ingeliuza miaka michache tu mpaka hali itengemae. Chuma hakikutosha, basi bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu, ambayo ilikuwapo kwa wingi baada ya viwanda vya ndege za kivita kupunguza kazi. Lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Hiyo "miaka michache" ikageuka karibu miaka 68. La mwisho wa ukoo huo lilitoka kiwandani Solihull mwezi Januari 2016, na jumla yake yalikuwa yamepita milioni mbili.

Kwa sisi wa Bonde la Kilombero gari hili lilikuwa na maana yake. Bonde letu ni tambarare iliyolala kati ya safu ya Udzungwa na milima ya Mahenge, na masika yakifika mto hautambui mpaka. Njia ya jana leo ni ziwa. Basi wa kilimo, wa afya, wa misheni, wa polisi, wote walikuja na Land Rover. Ukiwauliza wazee wa Lupiro au Mngeta, watakuambia sauti yake waliijua kabla hawajaliona, na kwamba ilimaanisha ama dawa, ama kodi.

Aluminiamu haishiki kutu kama chuma, kwa hiyo ukiliona Land Rover la zamani kwa nje unaweza kudanganyika. Ubaya uko chini. Chesisi ni ya chuma. Ule ukuta wa mbele unaotenganisha dereva na injini ni wa chuma. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma, maji yakiingia katikati, vinakulana polepole. Baba Mkubwa alinifundisha kugonga chesisi kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinakohoa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimeshika tochi, nasikiliza chuma kikikohoa usiku.

Miaka minane, ndugu msomaji! Chesisi ilichomelewa vipande kumi na kimoja. Pistoni alizifuata Morogoro, hazikuingia, akarudi nazo, akafuata nyingine Dar es Salaam. Gia boksi aliifungua mara nne. Mara ya nne tulipanga vipuri juu ya mkeka wa Mama Mkubwa kwa mpangilio wake, na kwa siku tano hakuna aliyeruhusiwa kupita hapo, hata kuku. Mwaka 2015 hela zikaisha. Baba Mkubwa akauza ekari mbili za mpunga upande wa Kivukoni. Ekari hizo zilikuwa zimesomesha watoto wawili. Mama Mkubwa hakugomba, alikaa kimya, na anayemjua anafahamu kuwa ukimya wake ni mzito kuliko ugomvi.

Lakini nisiseme uongo. Miaka ile ndiyo iliyokuwa ya furaha nyumbani kwetu. Jioni mafundi walikuja hata kama hawakuitwa. Mmoja analeta ribiti, mwingine analeta maneno. Baba Mkubwa alikuwa akiimba. Alikuwa akiamka saa kumi usiku kwa sababu ameota mahali penye tatizo.

Agosti 2019 gari likawaka. Siyo kuwaka kwa kubahatisha, liliwaka kwa hendeli, mzungusho wa pili. Tulipanda sote tukaenda mpaka daraja la Mto Kilombero, lile la mita 384 ambalo Rais Magufuli alilizindua mwaka 2018 na likapewa jina lake. Tulipofika katikati ya daraja Baba Mkubwa akasimamisha gari, akashuka, akatazama maji kule chini ambako zamani tulivuka kwa pantoni. Nikadhani anafurahi. Akaniambia, "Haya, limekwisha." Tukarudi. Akalifunika turubai. Tangu siku hiyo hakuliendesha tena, labda mara mbili au tatu, tena kwa kuombwa.

Ukimuuliza alisema mafuta ghali. Alisema barabara mbaya, utadhani lile gari lilitengenezwa kwa ajili ya lami. Baada ya mwezi akaleta nyumbani pawatila ya mtu iliyovunjika, akaanza kuimba tena.

Sasa, mtu aliyesoma historia hata kidogo hawezi kuliona jambo hili akadhani ni la Baba Mkubwa peke yake. Nyumbani kwetu upepo ukivuma vizuri tunasikia honi ya treni. Reli ya TAZARA inapita Mang'ula, inafika Ifakara, inaambaa na bonde mpaka Mlimba, kisha inaanza kupanda kwenda Makambako. Sehemu hiyo ya mlima ndiyo iliyowatoa jasho wajenzi kuliko zote, na mahandaki mengi kati ya 22 ya reli nzima yako huko. Mkataba ulitiwa saini Beijing mwaka 1967, ujenzi ukazinduliwa Oktoba 1970, na kazi ilipokwisha reli ikakabidhiwa Julai 1976. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Makumi ya maelfu ya Watanzania, Wazambia na Wachina waliifanya. Wachina zaidi ya sitini walikufa katika kazi hiyo, na makaburi yao yapo Gongo la Mboto.

Wazee wanaosimulia ujenzi huo wanasimulia kama harusi. Wanakumbuka kambi, sinema za usiku, baruti, na mchana ambao reli ilifika kijijini kwao. Ila ukiwauliza kuhusu mwaka 1978, au 1983, wanakuna kichwa. Reli ilikwishakwisha, kuna nini tena cha kusimulia?

Kumbe vya kusimulia vilikuwapo. Vile vichwa vya treni vya kwanza kutoka China vilishindwa kuumudu vizuri mlima wa Mlimba kwenda Makambako, na miaka ya 1980 ikabidi viletwe vingine vyenye nguvu zaidi. Mvua zilibomoa tuta. Spea zilichelewa. Reli iliyokusudiwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka haikuwahi kuzifikia. Tena tuwe wa haki: si uvivu peke yake. Reli ile ilijengwa ili Zambia isitegemee njia za kusini zilizokuwa mikononi mwa makaburu na walowezi wa Rhodesia. Afrika Kusini ilipopata uhuru wake mwaka 1994, njia hizo zikawa halali kwa kila mtu, na mzigo mwingi ukaelekea huko, mwingine ukapanda malori. Mwaka wa fedha 2014/15 TAZARA ilibeba chini ya tani laki moja. Septemba 2024, huko huko Beijing, marais wa nchi tatu walishuhudia kutiwa saini makubaliano ya kuifufua. Magazeti yakaandika tena kwa herufi kubwa. Naam, ikiumwa inapendwa!

Nilipokuwa shuleni tulikariri miaka ya kufunguliwa: reli hii ilifunguliwa mwaka fulani, bwawa lile mwaka fulani. Mtihani haukuwahi kutuuliza nani alitia grisi mwaka uliofuata. Nikaanza kujiuliza kama katika historia yetu yupo hata mmoja anayekumbukwa kwa ajili ya grisi.

Wapo. Tena ni watu watatu, na kisa chao kiko Ziwa Tanganyika.

Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer cha Papenburg, Ujerumani, kilijenga meli ya urefu wa mita 71. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku, ikavuka bahari mpaka Dar es Salaam, ikapanda treni kwenda Kigoma. Mafundi watatu wa kiwanda hicho walikuja nayo kuiunganisha, na ikashushwa majini Februari 1915, vita vimekwishaanza. Iliitwa Graf von Götzen, kwa jina la gavana wa Kijerumani. Jina hilo kwetu si geni. Ndiye aliyetawala wakati wa Majimaji, vita ambayo Wapogoro na Wambunga wa pande zetu hizi walilishambulia boma la Mahenge Agosti 1905.

Julai 1916 Wajerumani walikuwa wanaondoka Kigoma. Amri ikatolewa meli izamishwe, adui asiipate. Kazi hiyo wakapewa wale wale mafundi watatu walioiunganisha. Hebu fikiria, mwaka mmoja na nusu tu umepita tangu waione ikielea! Walifanya nini? Waliipaka injini grisi nene kila mahali, kisha tarehe 26 Julai wakaizamisha taratibu, karibu na mlango wa mto Malagarasi.

Meli ikalala chini ya maji karibu miaka minane. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, wakakuta injini bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini, ikiitwa Liemba, na injini zile za mvuke zilifanya kazi mpaka miaka ya 1970. Mwaka 1997, vita vya Zaire, Liemba hiyo hiyo ilirudisha makwao wakimbizi kwa maelfu.

Nilisoma habari hizi nikiwa nimekaa juu ya turubai la Baba Mkubwa, kwa kweli nikaona haya. Wale mafundi hawakuwa na matumaini ya kuipanda tena meli yao. Vita walikuwa wanaelekea kuishindwa. Grisi ile waliipaka kwa ajili ya mtu wasiyemjua, pengine adui yao. Kwao meli haikuisha siku ilipoelea. Ilikuwa na kesho yake, wawepo wao wasiwepo.

Sasa nirudi nyumbani, maana kuna jambo nimelizunguka.

Masika ya 2024 bonde lilifurika. Nadhani wengi mlisikia habari za Mlimba na Malinyi. Usiku mmoja wa Aprili, saa nane, jirani yetu alikuja kugonga mlango. Mkwewe ameshikwa na uchungu, mtoto wa kwanza, na barabara ya upande wao imekuwa tope mpaka magotini. Bajaji imegoma. Hakuna gari mtaani linaloweza kupita pale. Isipokuwa moja.

Tulivua turubai. Betri ilikuwa imekufa, hilo si kitu, hendeli ipo. Baba Mkubwa akazungusha. Akazungusha tena. Petroli ilikuwa imekaa kwenye tangi karibu miaka mitatu, ilikwishakuwa maji ya harufu mbaya, na kabureta imeganda. Panya walikuwa wamekula nyaya. Nikajaribu kulisukuma na vijana wengine, magurudumu ya nyuma hayazunguki, breki zimeshikana. Gari lililotengenezwa kwa miaka minane, rangi inang'aa kwenye mwanga wa tochi, na halikusogea hata hatua.

Yule binti alibebwa kwenye kitanda cha kamba na wanaume sita. Alijifungulia barazani mwa duka, nusu ya njia, Mama Mkubwa na mimi tumeshika kanga kuzuia mvua. Mungu mkubwa, wote wawili ni wazima, na mtoto sasa anatembea. Lakini tuliporudi alfajiri Mama Mkubwa alisimama mbele ya gari akasema, "Ekari mbili." Hakuongeza neno. Siku tatu hakuzungumza na mumewe.

Na unajua Baba Mkubwa alifanya nini siku ya nne? Alifungua boneti, akaanza kuimba.

Hapo ndipo nilipomwelewa, na ndipo nilipokasirika. Nikamwambia, "Baba Mkubwa, shikamoo, lakini leo nitasema. Wewe hulipendi gari. Unapenda ugonjwa wake." Nilitegemea kofi. Aliweka spana chini, akakaa kwenye bampa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, siku ile darajani niliogopa. Miaka minane nilikuwa najua kesho nitafanya nini. Likapona, nikawa mzee asiye na kazi."

Sikuwa na jibu. Ni rahisi kumcheka mtu anayelitelekeza gari. Ni vigumu kumcheka mtu aliyeamka asubuhi akakuta kile kilichomwamsha hakipo tena.

Oktoba mwaka huo huo, huko Arusha, lilifanyika tamasha la Land Rover, yakakusanyika kwa mamia kuivunja rekodi iliyokuwa inashikiliwa na Ujerumani. Bei za magari mabovu zikapanda mpaka huku kwetu. Mwanzoni mwa 2025 akaja mnunuzi na hela za kueleweka. Kikao kikakaa chini ya mwembe. Baba Mkubwa alikuwa tayari. Ajabu ni kwamba aliyekataa ni Mama Mkubwa. Alisema, "Gari hili ni shamba langu. Shamba haliuzwi mara mbili. Sasa lilimwe."

Tukakubaliana hivi. Leseni nimekata mimi. Kila Jumamosi gari linatoka, hata kama halina safari, na mara nyingi safari ipo: magunia ya mpunga, bati za mtu, mgonjwa wa kliniki. Nina daftari. Ndani yake naandika tarehe, oili, maji ya rejeta, hewa ya matairi, na mahali nilipotia grisi. Nauli tunaweka kwenye kopo la Mama Mkubwa, na ekari moja kati ya zile mbili tumeanza kuikodi kwa mwenye nayo wa sasa. Baba Mkubwa hapandi sana. Ila Ijumaa jioni hunigongea chesisi kwa ile nyundo ndogo, anasikiliza, kisha ananiambia wapi pa kutazama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, sote tulikariri tukiwa darasa la tatu. Hatukuambiwa kwamba kuziba ufa ni kazi isiyopigiwa ngoma.

Nimalizie kwa kujishtaki mwenyewe, maana si vizuri kumwanika baba mtu halafu ukajificha. Riwaya yangu niliimaliza mwaka 2022, madaftari saba. Usiku ule nililia kwa furaha. Kesho yake nikayatia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, nikaanza nyingine. Sikumpa mtu asome wala sikuitafutia mpiga chapa. Nilijiambia nina kazi nyingi, kama Baba Mkubwa na bei ya mafuta.

Wiki iliyopita nimeyatoa. Kurasa za mwanzo za daftari la pili zimeliwa na mende. Nimeanza kuziandika upya, na Jumamosi, tukiwa njiani na magunia, namsomea Mama Mkubwa tukisimama kupoza injini. Jana alinikatiza akasema yule msichana wa sura ya tatu hawezi kuolewa hivyo, hakuna mzazi wa Kindamba atakayekubali. Nimerekebisha.